Daktari Laveran na punje nyeusi za malaria: kwa nini homa ya mtoto hupimwa damu kwanza

Mama akimleta mtoto mwenye homa kituoni, jambo la mwanzo tunalomuomba ni tone la damu kutoka kidoleni mwa mtoto. Wapo wanaokubali mara moja, na wapo wanaouliza kwa nini mtoto achomwe badala ya kupewa dawa tu arudi nyumbani. Hilo ni swali la haki. Sehemu kubwa ya jibu lake imo katika maisha ya daktari mmoja wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliyeishi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Yeye ndiye mtu wa kwanza kukiona kimelea cha malaria ndani ya damu ya mgonjwa. Kilichomwongoza kukiona ni rangi: punje ndogo nyeusi ambazo madaktari waliomtangulia walidhani ni melanini.

Rangi asilia mwilini

Melanini ndiyo rangi inayoifanya ngozi yetu, nywele zetu na macho yetu yawe meusi au ya kahawia. Mwili huitengeneza wenyewe, na kazi yake kubwa ni kuikinga ngozi isiunguzwe na jua. Ndiyo maana mtoto mwenye ualbino, ambaye mwili wake hutengeneza melanini kidogo sana au hautengenezi kabisa, anahitaji kofia, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua.

Damu nayo ina rangi yake. Wekundu wake unatokana na hemoglobini, inayobeba hewa safi kupeleka mwili mzima. Hemoglobini ikivunjika hutoa rangi ya njano, na hiyo ndiyo inayoonekana kwenye macho na ngozi ya mtoto mchanga mwenye manjano.

Sisi wauguzi hutazama rangi hizi kila siku. Viganja vikipauka tunafikiria upungufu wa damu. Nywele za mtoto zikipoteza weusi wake na kuwa nyekundu nyekundu, huku miguu ikivimba, tunafikiria utapiamlo mkali. Rangi peke yake haitoshi kuthibitisha ugonjwa, lakini hutuonyesha pa kuanzia.

Ipo rangi nyengine ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi, wala jicho tupu haliioni. Hutengenezwa na kimelea cha malaria kinapoishi ndani ya damu, nayo kitaalamu huitwa hemozoini. Hii ndiyo rangi aliyoifuatilia Laveran.

Mtoto wa daktari wa jeshi

Charles Louis Alphonse Laveran alizaliwa Paris tarehe 18 Juni 1845. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi, na kazi ikampeleka Algeria, nchi ya Afrika Kaskazini iliyokuwa chini ya Ufaransa wakati huo. Alphonse alifuatana na wazazi wake, na miaka kadhaa ya utoto wake ikapita huko. Aliporudi Ufaransa alisoma, kisha akafuata nyayo za baba yake: akajifunza udaktari katika mji wa Strasbourg na kuingia jeshini.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia, dola ya Wajerumani. Laveran, akiwa na umri wa miaka 25, alihudumia majeruhi katika mapigano na katika mji wa Metz uliozingirwa na adui. Baada ya vita alifanya kazi hospitalini, na mwaka 1874 alishinda mtihani wa kupata nafasi ya ualimu katika skuli ya madaktari wa jeshi ya Val-de-Grâce, Paris. Somo lake lilikuwa magonjwa ya askari na magonjwa ya mripuko. Baba yake naye aliwahi kulifundisha somo hilo hilo hapo hapo.

Mwaka 1878 muda wake wa kufundisha ulikwisha, akapelekwa Algeria, kwanza katika mji wa Bône, ambao leo unaitwa Annaba, kisha Constantine. Wodi alizokabidhiwa zilijaa askari wenye homa. Wengi walitetemeka kwa baridi, wakawaka moto, wakatoka jasho, kisha wakaanza tena baada ya siku moja au mbili. Baadhi walipoteza fahamu na kufa.

Homa ya hewa mbaya

Wakati huo hakuna aliyejua malaria inaletwa na nini. Hata jina lenyewe linatokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya, kwa kuwa watu waliamini ugonjwa hutoka katika mvuke wa vinamasi. Mwaka 1879 wataalamu wawili waliokuwa wakifanya utafiti Italia walitangaza kuwa malaria husababishwa na bakteria waliompata katika udongo na maji ya vinamasi. Madaktari wengi waliwaamini.

Dawa ilikuwepo, kwinini, iliyotokana na gome la mti wa Amerika ya Kusini. Lakini daktari hakuwa na njia ya uhakika ya kujua ni homa ipi inayotaka kwinini na ipi haiitaki. Alikisia kwa kumtazama mgonjwa, kama wanavyokisia leo wanaonunua dawa dukani bila kupima.

Jambo moja lilikuwa limeshaandikwa. Tangu mwaka 1847 daktari wa Ujerumani, Heinrich Meckel, alikuwa ameona punje za rangi nyeusi katika damu na wengu wa maiti, na wengine baada yake waliziona kwa watu waliokufa kwa homa za vinamasi. Wengu na ini za maiti hao zilikuwa na rangi ya majivu au nyeusi, na hata mishipa midogo ya ubongo ilikuwa na punje hizo. Madaktari walidhani ni melanini ya mwili wenyewe iliyoingia katika damu kwa sababu ya ugonjwa. Wakaiandika, wakaendelea na mambo mengine.

Laveran hakuiacha. Alipowapasua askari waliokufa aliikuta rangi ile ile, akajiuliza maswali mawili. Je, punje hizi hupatikana kwa wagonjwa wa malaria peke yao? Na kama zipo kwa maiti, kwa nini zisitafutwe katika damu ya mgonjwa aliye hai, kabla hajafa?

Tone la damu, Constantine, 1880

Hospitali yake haikuwa na maabara kubwa. Alikuwa na hadubini ya kawaida na subira. Alichukua tone la damu kutoka kidoleni mwa mgonjwa, akaliweka kwenye kioo na kulitazama likiwa bichi. Hakutia dawa ya kulipaka rangi, kama inavyofanyika maabara leo.

Kutotia rangi ndiko kulikomsaidia. Vimelea vya malaria ni vidogo na karibu havina rangi, kwa hiyo katika damu bichi ni vigumu sana kuvitambua. Lakini kimelea kinapokomaa huwa na zile punje nyeusi tumboni mwake. Laveran aliona viduara vyenye punje nyeusi, vyengine vikiwa ndani ya seli nyekundu za damu, vyengine vikiwa nje. Punje zikimwonyesha mahali pa kutazama.

Mwezi wa Novemba 1880, akiitazama damu ya askari mmoja kijana, aliona jambo lililoondoa shaka zake. Pembeni ya kiduara chenye punje nyeusi zilichomoza nyuzi nyembamba zilizojipinda na kujirusha kwa kasi, mpaka seli za damu za jirani zikasukumwa. Rangi iliyokufa haichezi namna hiyo. Hiki kilikuwa kiumbe hai, na zile punje nyeusi ni mali yake, wala si melanini ya mgonjwa. Mwezi huo huo taarifa yake ilifika katika Chuo cha Tiba cha Paris.

Aliendelea kupima mgonjwa mmoja mmoja. Kati ya wagonjwa 192 aliowachunguza alivipata vimelea kwa 148. Aliona pia kuwa mgonjwa akipewa kwinini, vimelea hupotea katika damu yake. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kumtazama mgonjwa wa homa, akapima, akajua, akatibu, kisha akapima tena kuona kama dawa imefanya kazi.

Miaka ya kutoaminiwa

Habari hizi hazikupokewa vizuri. Laveran alikuwa daktari wa jeshi asiye na jina, akifanya kazi mbali na miji ya wanasayansi. Wengi walisema alichokiona ni seli za damu zilizoharibika. Mwaka 1882 alikwenda Rome, akapima damu ya wagonjwa wa malaria wa hospitali ya huko na kuvikuta vimelea vile vile. Hata hivyo wataalamu wa Italia hawakushawishika mara moja. Mwaka 1884 Louis Pasteur, mwanasayansi mkubwa wa Ufaransa, alionyeshwa vimelea hivyo kwa hadubini na akakubali. Katika miaka iliyofuata Waitaliano wenyewe wakawa miongoni mwa waliochunguza zaidi jinsi vinavyoishi katika damu.

Kwa wakati huo Laveran alikuwa amerudi kufundisha Val-de-Grâce, na mwaka 1885 alimuoa Sophie Marie Pidancet. Hawakujaaliwa watoto. Katika kitabu chake cha mwaka 1884 alishasema kuwa huenda mbu ndio wanaohusika kueneza malaria, lakini hakuwa na ushahidi.

Ushahidi ulikuja kutoka India, na kwa mara nyengine ni ile rangi nyeusi iliyoonyesha njia. Mwezi wa Agosti 1897, Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza, alimpasua mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa wa malaria. Ndani ya ukuta wa tumbo la mbu huyo aliona seli zenye punje nyeusi zinazofanana na zile za Laveran. Kwa punje hizo akatambua kuwa kimelea cha malaria kimo ndani ya mbu.

Mwaka huo huo hadubini ilikuwa ikitafuta malaria karibu na kwetu. Robert Koch, mwanasayansi wa Ujerumani, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kukaa hadi 1898 akiwachunguza wagonjwa wa malaria na wa homa ya mkojo mweusi.

Mwisho wa safari yake

Mwaka 1896 Laveran aliacha jeshi, kwa kuwa vyeo alivyopewa havikumwachia nafasi ya utafiti. Akaingia Taasisi ya Pasteur, Paris, akafanya kazi bila ya mshahara. Huko alichunguza vimelea vyengine, vikiwemo vya ugonjwa wa malale. Mwaka 1907 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuonyesha kuwa vimelea vidogo vya aina hii husababisha magonjwa. Nusu ya fedha za tuzo alizitoa kuanzisha maabara ya magonjwa ya nchi za joto katika taasisi hiyo hiyo. Mwaka uliofuata alianzisha chama cha wataalamu wa magonjwa hayo, akakiongoza kwa miaka 12. Alifariki Paris tarehe 18 Mei 1922, akiwa na umri wa miaka 76.

Punje nyeusi hutoka wapi?

Leo tunajua zaidi ya alivyojua yeye. Kimelea kinapoingia ndani ya seli nyekundu hula hemoglobini. Mabaki ya chakula hicho yana chuma na ni sumu kwa kimelea chenyewe. Ili kisife, hukigandisha chuma hicho kiwe fuwele ngumu zisizo na madhara kwake, na hizo ndizo punje nyeusi.

Hapo ndipo wataalamu walipopata mlango. Klorokwini, na amodiakwini ambayo ni ya ukoo wake, huzuia kimelea kugandisha mabaki hayo, na sumu yake yenyewe hukiua. Zanzibar ilipoanza kutumia dawa ya mseto mwaka 2003, amodiakwini ilikuwa moja ya dawa mbili zilizochanganywa.

Punje hizo husaidia pia katika uchunguzi. Mgonjwa wa malaria kali akikutwa na punje nyeusi nyingi ndani ya seli nyeupe za damu, ni dalili kuwa vimelea vingi vimepasuka mwilini mwake na anahitaji uangalizi wa karibu. Kwa mama mjamzito, vimelea hujificha katika kondo la nyuma. Baada ya kujifungua, kondo hilo likichunguzwa kwa hadubini, punje zilizobaki huonyesha kuwa mama aliwahi kupata malaria wakati wa ujauzito hata kama hakuwa na homa. Malaria ya namna hii humpunguzia mama damu, na mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Kipimo cha haraka tunachokitumia vituoni hakitafuti punje nyeusi. Kinatafuta protini ya kimelea, na majibu hutoka baada ya dakika 15 hadi 20. Kinaweza kuonyesha malaria hata wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa hiyo mwambie muuguzi kama mtoto ametibiwa karibuni. Hadubini humwonyesha mtaalamu wa maabara vimelea vyenyewe na wingi wao.

Haya yanatuhusu vipi Pemba?

Dawa ya mseto, vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa majumba vimeishusha sana malaria Unguja na Pemba. Mama mwenye watoto wadogo leo huenda hajawahi kuiona malaria kali nyumbani kwake, ingawa bibi yake anaikumbuka vizuri. Hii ni neema, lakini ina hatari mbili.

Ya kwanza ni kudhani malaria imekwisha. Mbu bado wapo, na watu husafiri kila siku kwenda na kurudi Tanga, Dar es Salaam na kwengineko. Mtoto ambaye hajawahi kupata malaria hana kinga nayo, na ikimpata inaweza kumzidia haraka.

Ya pili ni kutoa dawa ya malaria kwa kila homa. Homa nyingi za watoto wetu sasa si malaria. Inaweza kuwa nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, masikio au ugonjwa mwengine. Ukimpa mtoto vidonge vilivyobaki kabatini, homa inaweza kutulia kidogo, na ugonjwa wenyewe ukaendelea kumla.

Kwa hiyo, mama, baba, bibi na kila mlezi, tunakuombeni haya:

– Mtoto akipata homa, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa asisubiri hata kidogo.
– Ombeni damu ipimwe kabla ya dawa ya malaria. Mwambieni muuguzi kama mtoto au mtu wa nyumbani amesafiri karibuni.
– Kipimo kikionyesha malaria, mpeni mtoto dozi yote hadi mwisho hata kama ameanza kucheza. Akitapika dawa muda mfupi baada ya kuinywa, rudini kituoni.
– Kipimo kikionyesha hana malaria, ulizeni homa inatokana na nini. Ikiendelea baada ya siku mbili, au hali ikibadilika kabla ya hapo, mrudisheni.
– Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema, apimwe malaria na wingi wa damu, na alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.

Mkimbizeni mtoto hospitali mara moja, usiku au mchana, mkiona dalili yoyote kati ya hizi: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au haamki, anapumua kwa kasi au kwa shida, viganja vimepauka sana, macho yamekuwa ya njano, au mkojo umekuwa mweusi kama kahawa. Degedege pia ni dalili ya hatari. Wapo wanaosema ni la shetani na mtoto apelekwe kwa mganga kwanza. Dua ya mzazi inaweza kusomwa njiani, lakini safari iwe ya hospitali, kwa sababu malaria inayofika kwenye ubongo inaweza kuua kwa saa chache.

Wale askari wa Constantine waliokutwa na punje nyeusi kwenye ubongo walikuwa wameshakufa daktari alipoziona. Laveran aliamua kuzitafuta mapema, mgonjwa angali hai na dawa ingali na kazi ya kufanya. Tone la damu tunalolichukua kidoleni mwa mwanao, Chake Chake, Wete, Mkoani au Micheweni, linafanya kazi hiyo hiyo. Maumivu yake ni ya dakika moja, na majibu yake hutuambia ni ugonjwa gani tunaoutibu.